Picha Isiyopigwa Mara ya Pili

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika fani hii, na ninyi vijana ambao baadhi yenu mnaanza msimu wenu wa kwanza wa kazi za kulipwa,

Nimeombwa nizungumze kuhusu vifaa vinavyogoma kazini na picha zinazopotea kabla hazijamfikia mwenyewe. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu jambo hili limewahi kuniumiza, na kwa sababu katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mwanga, rangi na bei, lakini ni mara chache tunagusa kile kinachotokea kati ya kubonyeza kitufe na kukabidhi kazi. Naomba nianze na kisa changu mwenyewe, nami nitakieleza kama kilivyokuwa.

Mwaka 2013 nilipewa kazi ya kupiga picha za nikaha mjini Tanga. Baba wa bibi harusi alikuwa amekwisha kufariki, hivyo walii wake alikuwa babu yake mzaa baba, mzee wa zaidi ya miaka 80, aliyevuka bahari kutoka Pemba ili amuozeshe mjukuu wake. Nilikuwa na kamera moja yenye nafasi moja ya kadi, na ndani yake niliweka kadi mpya iliyoandikwa 64GB, niliyoinunua wiki ileile kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nilipiga tangu asubuhi bila shida yoyote. Ulipofika wakati wa ndoa kufungwa, mzee alimpa mkono bwana harusi, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka. Bwana harusi akaufunika kwa kiganja chake cha kushoto mpaka ukatulia. Niliipiga picha ile. Niliiona kwenye kioo cha kamera ikiwa safi, hata mishipa ya mkono wa mzee ikihesabika, nikaendelea na kazi nikiwa na furaha.

Usiku, nyumba ya wageni, nilichomeka kadi kwenye kompyuta. Picha 300 hivi za mwanzo zilifunguka. Zilizofuata zilikuwa na majina, tarehe na ukubwa wa faili kama kawaida, lakini kila niliyoigusa ilikuwa kijivu kitupu, au ilikuwa na ukanda mwembamba wa picha juu na kijivu kutoka hapo hadi chini. Mkono wa mzee ulikuwa katika hizo.

Kadi ile ilikuwa bandia. Ndani yake mlikuwa na nafasi ya 8GB tu, lakini ilikuwa imechezewa ili iiambie kamera kwamba ina 64GB, nayo kamera haina njia ya kujua kuwa inadanganywa. Kadi ya namna hiyo hupokea picha mpaka nafasi yake ya kweli ijae. Baada ya hapo huendelea kuorodhesha majina ya faili huku vilivyomo ndani vikitupwa hewani, na nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya picha zilizotangulia. Ile picha niliyoiona kwenye kioo ilikuwa bado imo katika kumbukumbu ya muda ya kamera, ambayo hushika picha kwa kitambo kifupi kabla haijaandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo kuiona picha kwenye kioo mara tu baada ya kuipiga si ushahidi kwamba imehifadhiwa. Naomba vijana mlizingatie hilo, kwa kuwa tumezoea kuinamia kioo kila baada ya picha tatu na kuamini kwamba macho yetu yamekagua kazi.

Kadi bandia bado zipo sokoni, na zimefungwa katika pakiti zinazofanana sana na za kweli. Dawa yake ni kuijaribu kadi yoyote mpya kabla haijaenda kazini. Kwenye kompyuta za Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw, na kwenye Mac na Linux kuna nyingine inayoitwa F3. Zote mbili huijaza kadi taarifa mpaka ukingoni, kisha huzisoma taarifa hizo moja baada ya nyingine na kukuambia kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Kwa kadi kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Iachieni ifanye kazi usiku mkiwa mmelala. Mimi sasa naandika tarehe ya jaribio juu ya kila kadi kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na namba yake, na kadi isiyo na tarehe haiingii katika mkoba wangu.

Ndugu zangu, tangu siku ile ya Tanga nimekuwa nikijiuliza swali moja kila ninapopanga kazi: ni kitu gani hapa ambacho kikiharibika peke yake, picha zote zinaondoka? Kifaa chochote kinaweza kuharibika, kiwe kipya au cha zamani, cha bei kubwa au cha kuazima, na wala hatuna uwezo wa kukizuia kisiharibike milele. Tulicho na uwezo nacho ni kupanga kazi kwa namna ambayo hakuna kitu kimoja kinachobeba picha zote kikiwa peke yake. Karibu yote nitakayoyasema leo yanatoka katika swali hilo.

Tuchukue kamera zenye nafasi mbili za kadi, ambazo sasa wengi wenu mnazo. Nimekuwa nikiwauliza wenzangu nafasi ya pili wameipangia nini, na mara nyingi jibu ni kwamba hawajawahi kugusa mpangilio huo. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuandika kadi moja tu, au kuhamia kadi ya pili pale ya kwanza inapojaa. Mpangilio huo haulindi picha hata moja. Ingieni kwenye menyu, chagueni picha iandikwe kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, na kama kadi za pili mlizonazo ni ndogo, basi RAW, yaani faili kubwa yenye kila kilichonaswa na kamera, iende kwenye ya kwanza, na JPEG, faili ndogo iliyobanwa, iende kwenye ya pili. JPEG nzuri ya mkono wa mzee yule ingenitosha kabisa. Fahamuni pia kwamba kamera huandika kwa mwendo wa kadi iliyo ya polepole zaidi, hivyo mkiweka kadi ya haraka upande mmoja na kadi kongwe upande wa pili, kamera itasimama katikati ya msafara ikisubiri, nanyi mtadhani imeharibika.

Kwa wenye kamera ya nafasi moja, kuna mjadala wa siku nyingi kama ni afadhali kutumia kadi moja kubwa au kadi ndogo kadhaa. Wanaotetea kadi kubwa wanasema kila unapobadilisha kadi unafungua mlango wa kuipoteza, kuiangusha au kuichanganya na nyingine, na hoja hiyo ina uzito. Mimi nasimama upande wa kadi ndogo, kwa sharti kwamba zibadilishwe wakati wa utulivu wa shughuli na kuwekwa katika kikasha kimoja kisichobadilika mahali pake. Kadi tupu nazilaza uso juu. Iliyotumika nailaza kifudifudi. Kikasha kinakaa mfuko wa ndani wa koti langu, wenye zipu, wala hakiingii kwenye begi. Begi huwekwa chini ya meza, hubebwa na msaidizi, huachwa kwenye gari, na begi ndilo linaloibwa. Kamera itanunuliwa nyingine, hata kama ni kwa mkopo, lakini nikaha ile haifungwi mara ya pili.

Kuhusu kuishika kadi yenyewe nitasema kwa haraka, kwa kuwa mengi mnayajua. Msiichomoe wakati taa ndogo ya kuandika inawaka. Msifute picha moja moja kwenye kamera katikati ya kazi ili kupata nafasi, kwani kidole kilichochoka hufuta isiyo yake. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia, si kwenye kompyuta, na ifomatiwe pale tu ambapo picha zilizomo zimekwisha kuwa mahali pawili pengine.

Na ikitokea mmefuta au mmefomati kwa makosa, fanyeni jambo moja tu: simamisheni. Toeni kadi ile, isukumeni ile swichi ndogo ya pembeni ili ijifunge isiandikwe, kisha iwekeni mbali. Mara nyingi kufuta hakuondoi picha. Huondoa maelezo ya mahali picha ilipo, na picha yenyewe hubaki palepale mpaka itakapoandikwa nyingine juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuzisoma na kuzitoa, mradi hamkuendelea kupiga. Nimewaona wenzetu wakiendelea kutumia kadi ileile kwa matumaini kwamba mtaalamu atarekebisha kesho, nao wakawa wanazifunika picha zao kwa mikono yao wenyewe. Zile zilizotokana na kadi bandia, kama zangu, hazirudishwi na programu yoyote, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa.

Sasa nizungumzie kamera ya pili. Najua bei zake, na najua kwamba kwa kijana anayeanza, kumwambia anunue kamera mbili ni kama kumfungia mlango. Lakini kamera ya pili si lazima iwe sawa na ya kwanza, wala si lazima iwe yako. Inaweza kuwa ile kongwe uliyokuwa unataka kuiuza, usiiuze. Inaweza kuwa ya mwenzako ambaye siku hiyo hana kazi, mkakubaliana kwamba wiki ijayo yako itakuwa kwake. Fanyeni hesabu hii: mpiga picha anayepiga picha 2,000 kwa kila harusi, na harusi 50 kwa mwaka, amebonyeza mara 100,000 ndani ya mwaka mmoja, na hiyo ndiyo idadi ambayo watengenezaji wengi wamekuwa wakiikadiria kuwa uhai wa pazia, ile sehemu inayofunguka na kujifunga kila unapopiga, la kamera za daraja la chini. Zile za juu hufika 200,000 hadi 500,000. Ni makadirio tu. Pazia linaweza kufa mapema au kuishi zaidi, lakini anayejua kamera yake imepita idadi hiyo na bado anakwenda nayo peke yake kwenye kazi ya watu, huyo amejiweka rehani. Kamera hizo mbili zilinganisheni saa kabla ya kuondoka nyumbani, ili picha zake zije zipangike kwa mfuatano.

Upande wa betri nina machache. Ziandikeni namba, kwa maana betri inayokufa mapema hujulikana tu ikiwa ina jina. Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Zinabebwa mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake, na kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni saa-wati 100 (kipimo cha nishati ambayo betri inaweza kuishika), ambacho betri ya kawaida ya kamera haikikaribii. Kwa wanaopelekwa Kilimanjaro, kumbukeni kwamba safari ya kilele cha mita 5,895 huanza usiku wa manane, na baridi ile huilaza betri iliyojaa ikaonekana imekwisha. Haijafa. Iwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, na ile iliyozimika ipasheni kwa joto la mwili kisha mjaribu tena. Nimewahi kupata picha nyingi alfajiri kutoka kwenye betri ambayo saa moja kabla ilikuwa imeniaga.

Jambo ambalo napenda kukaa nalo zaidi ni hali ya hewa yetu, kwa sababu mafunzo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na adui zao si adui zetu.

Mpiga picha analala Unguja katika chumba chenye kiyoyozi. Asubuhi anatoka na kamera yake hadi ufukweni kupiga picha za maharusi, na mara tu anapofungua kifuniko, lenzi inageuka nyeupe. Anaifuta, inarudi. Anaifuta tena, inarudi tena, na kila anapofuta kwa kitambaa chenye chembe za mchanga anaikwangua. Kilichotokea ni kwamba kioo kilichopoa kimekutana na hewa yenye joto na unyevu mwingi, na unyevu ule umegeuka maji juu ya kioo, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho mezani. Kwa nje ni usumbufu wa nusu saa. Kwa ndani, maji yaleyale yanakaa kati ya vioo vya lenzi na juu ya nyaya za kamera, na huko hakuna kitambaa kinachofika. Tiba yake ni kuifunga kamera katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka chumbani, na kuuacha mfuko ule nje bila kufunguliwa mpaka vyote viwe na joto la nje. Umande utatua juu ya plastiki. Afadhali zaidi, begi lisilale kwenye kiyoyozi kabisa. Na lenzi isibadilishwe wakati kamera bado ni ya baridi, kwa sababu hapo mnaialika hewa yenye unyevu iingie hadi kwenye kihisio, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kuunda picha.

Unyevu huohuo, ukikaa, unaleta kuvu. Wenzangu wa Mombasa, Lamu, Tanga na visiwani mnaifahamu: nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui, zinazoota ndani ya lenzi iliyokaa kabatini miezi kadhaa. Kuvu hupenda giza, hewa iliyotuama na unyevu unaopita asilimia 60 au 70, na kwa muda mrefu hula hata utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, hivyo fundi akiisafisha alama hubaki. Msihifadhi lenzi katika mikoba ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Nunueni ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, wekeni ndani yake vifuko vya silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu, na mjitahidi sindano yake isimame kati ya 40 na 50. Silika ikishiba hukaushwa kwenye oveni kwa moto wa chini na kurudi kazini. Wengine hutumia mchele. Mchele hutoa unga mwembamba unaoingia kwenye viungo vya lenzi, kwa hiyo naomba ubaki jikoni.

Maji ya chumvi ni jambo lingine, na hapo sina maneno laini. Mawimbi yakirusha matone juu ya kamera, ifuteni kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa vizuri, kisha kwa kitambaa kikavu, siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka kwenye mishono. Kamera ikitumbukia baharini, toeni betri papo hapo na msiiwashe kwa udadisi wa kuona kama bado iko hai. Kuiwasha ndiko kunakoiua.

Bara tuna vumbi. Waliofanya kazi Serengeti wakati wa kiangazi wanajua lile vumbi laini linalopita hata kwenye zipu iliyofungwa. Msibadilishe lenzi ndani ya gari linalotembea. Zimeni kamera, iinamisheni mdomo chini, badilisheni kwa mwendo mmoja. Msipulize kwa mdomo, kwa maana pumzi ina mate, na mate yakigusa kihisio huacha doa ambalo pampu ya mpira haitaliondoa. Kabla ya kila kazi pigeni picha ya ukuta mweupe au mbingu tupu kwenye f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, kisha ikuzeni. Madoa yote yatajitokeza yenyewe, nanyi mtakuwa bado na muda wa kusafisha.

Na kumbini tuna hatari iliyozidi kukua, nayo ni taa za leza. Mwale wa leza ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuchoma kihisio na kuacha mstari au nukta ambazo hazitoki kamwe, na kamera za kisasa zisizo na kioo cha kupindua zinakaa na kihisio wazi wakati wote zinapowashwa. Mnamo Novemba 1969, mwanaanga Alan Bean wa Apollo 12 aliigeuza kamera ya televisheni ikatazama jua akiwa mwezini, ikaungua, na dunia ikakosa kuona matembezi yao kwa muda wote uliobaki. Ilikuwa kosa la sekunde chache. Zungumzeni na mtu wa taa kabla wageni hawajaingia, mwambieni leza zielekezwe darini, na kama hakubali, simameni pembeni mwale usipopita. Mkiwa hapo ukumbini, chaja zenu pia zisichomekwe kwenye ekstensheni moja na vipaza sauti na friji, kwa sababu umeme unaporudi baada ya jenereta kuzimwa hurudi kwa kishindo.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia sehemu ambayo kwa uzoefu wangu imepoteza picha nyingi kuliko maji na vumbi kwa pamoja, nayo ni usiku baada ya kazi. Saa nane za usiku, miguu imevimba, mtu anafungua kompyuta na kufanya kazi ya makini kuliko zote akiwa na akili iliyolala. Anatumia amri ya kukata na kubandika badala ya kunakili, umeme unakatika katikati, na nusu ya picha hazipo huku wala kule. Au ananakili kadi za kamera mbili katika folda moja. Kamera huhesabu hadi 9999 kisha huanza upya, hivyo picha mbili tofauti zinaweza kuwa na jina lilelile; kompyuta inauliza kama ibadilishe iliyopo, yeye anabonyeza ndiyo, na kumi zinafutika bila yeye kujua. Kila kadi iwe na folda yake. Baada ya kunakili, linganisheni idadi na ukubwa wa jumla, kisha fungueni picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho kabisa, kwa sababu mwisho ndiko kunakokatika. Kama mmechoka mno, nakilini mara moja, laleni, na kadi msiziguse mpaka asubuhi.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye anayesifika kwa kueneza kanuni ambayo sasa inafuatwa hata na wasio wapiga picha: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe mahali pengine. Hilo la mwisho ndilo tunalolipuuza. Kompyuta na diski ya nje vikikaa katika begi moja, hizo ni nakala moja, kwa kuwa mwizi mmoja anaziondoa zote. Jacques Lowe, aliyempiga picha Rais Kennedy na familia yake, alihifadhi negativu zake takriban 40,000, yaani filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, katika chumba cha chuma cha benki, mahali ambapo mtu yeyote mwenye busara angepaamini. Chumba hicho kilikuwa katika majengo ya World Trade Center mjini New York. Lowe alifariki Mei 2001, na Septemba 11 mwaka huohuo negativu zote zikateketea. Zilizosalia ni zile karatasi za majaribio, zenye picha ndogo ndogo zilizochapwa kutoka kwenye negativu, kwa sababu zilikuwa zimewekwa jengo jingine. Kutokana na hizo, miaka kadhaa baadaye, sehemu ya kazi yake ilikuzwa, ikasafishwa na kuonyeshwa tena kwa umma. Kile kilichoonekana kuwa nakala duni ndicho kilichookoa kazi ya mtu.

Najua bando ni ghali, na kupandisha RAW za harusi nzima kwenye intaneti ni ndoto kwa wengi wetu. Basi pandisheni JPEG ndogo za picha 100 zilizo muhimu, kwa kifurushi cha usiku, na diski ya pili ilale kwa ndugu mtaa wa pili.

Katika historia ya fani yetu kuna mtu ninayemfikiria sana, Frank Hurley, mpiga picha wa msafara wa Shackleton kwenda Antaktika. Meli yao, Endurance, ilibanwa na barafu, na mwaka 1915 ikasagwa. Hurley alivua nguo, akajitosa katika maji yaliyochanganyika na barafu ndani ya meli iliyovunjika, akayatoa makasha ya sahani zake za kioo, ambazo zama hizo zilishika picha kama filamu. Watu husifu ushujaa wake, nao unastahili kusifiwa, lakini mimi hutazama yale makasha: yalikuwa ya bati, yamelehemiwa yasiingize maji, na kazi hiyo ilifanywa kabla meli haijazama. Kwa kuwa hawakuweza kubeba zote, yeye na Shackleton walikaa juu ya barafu wakachagua 120 hivi, na zile 400 zilizobaki wakazivunja hapohapo ili moyo usije ukabadilika. Kamera zake kubwa aliziacha. Aliondoka na kamera moja ndogo ya mfukoni na filamu tatu, na sahani zile zilifika nyumbani.

Nimalizie na jambo ambalo halina programu. Picha zikipotea, mwambieni mwenye shughuli, ninyi wenyewe, mapema, bila kumsingizia fundi wala mtandao. Mimi nilirudi katika nyumba ile ya Tanga kesho yake asubuhi. Nilikuwa na fedha yao yote katika bahasha. Bibi harusi aliisukuma bahasha pembeni, akaniuliza, "Hata moja ya babu?" Nikamjibu kwamba hakuna. Kwa siku tatu nilipita kwa jamaa nikiomba kuona simu zao, na kwa kijana mmoja, mpwa wa bwana harusi, nikapata picha moja yenye giza, nusu imezibwa na bega la mtu, lakini viganja viwili vinaonekana, kimoja juu ya kingine. Niliisafisha kadiri nilivyoweza, nikaichapa, nikaiweka katika fremu, nikawapelekea. Fedha walikataa kuipokea mpaka mama alipoombwa na wazee aichukue.

Kadi yenyewe nimekuja nayo. Ipo pale mezani karibu na mlango, pamoja na kadi ya kweli ya aina hiyohiyo, na kompyuta imewashwa ikiwa na programu ya kupimia. Atakayependa alinganishe maandishi ya kadi hizo mbili, na mwenye kadi mpya mfukoni mwake aje tuipime sasa hivi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.